Jina la Mwisho la Alhamisi

Alhamisi iliyopita, katika chumba nilichopanga Eldoret, jirani yangu alichoma ubani. Ni mwanamke wa pwani kama mimi, ameolewa huku na fundi wa magurudumu. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kugonga mabati, na moshi ukapenya chini ya mlango wangu. Nilikuwa nikikunja nguo. Nikajikuta nimeziacha, nimekaa kitako sakafuni, miguu nimeikunjia upande mmoja, na midomo yangu inataja majina. Sikuyaita. Yalikuja yenyewe, moja nyuma ya jingine, kwa mpango wake wa zamani, kama watu wanaojua nani atangulie kupita mlangoni.

Tangu nitoke kwetu sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nimeuza mitumba Voi, nimepika chapati Kisumu, nimelea watoto wa watu Tanga, nimefagia hoteli Malindi. Skuli niliiacha kabla ya mtihani wa darasa la saba. Vyote nilivyo navyo huenea ndani ya begi moja, na nimeshapoteza mabegi matatu. Lakini majina yale sijapata kuyapoteza. Ni kumi na saba, na la mwisho ni langu.

Nililelewa Majengo na nyanya yangu mzaa mama, Bi Zainabu, kwa kuwa mama alikuwa ameolewa mara ya pili na akaishi mbali. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo upande wa mbele na ya matofali upande wa uani, kwa sababu kila aliyepata nafuu kidogo katika ukoo alijenga ukuta mmoja akaishia hapo. Nyinyi wa rika langu mliokulia Mombasa mnaijua Alhamisi ya nyumba kama ile. Redio hufungwa. Sauti hupungua. Baada ya sala ya alasiri nyanya alitandika mswala juu ya jamvi, akatia kaa moja chetezoni, akatupia ubani, akasoma Yasini bila kutazama msahafu. Mimi nilikaa nyuma yake nikihesabu nukta za kanga yake, nikingoja kashata aliyokuwa ameifunga kwenye pindo.

Alipomaliza kusoma alifungua viganja akawaombea watu wake. Thawabu za kisomo zimfikie mamangu Fatuma binti Athmani. Zimfikie mama mdogo Maryamu binti Athmani. Akaendelea hivyo, na kila jina lilikuwa na jina la baba nyuma yake, mpaka afike la mwisho. Hapo aliteremsha sauti, akavuta pumzi, akasema, "Na Mwanakheri." Basi, bila baba. Halafu "Amin," nami nikapewa kashata.

Kwa muda mrefu nilidhani wale ni jamaa walioko mbali, na kwamba nyanya anawatumia salamu, kama watu walivyotumiana salamu redioni wakati ule. Jina langu ni Mwanakheri, kwa hiyo nilifurahi kuwa nami sisahauliwi. Kisha mume wa jirani yetu akafa. Niliona jeneza likitolewa, nikaona wanawake wakilia, na Alhamisi iliyofuata nikasikia jina lake limetiwa katika zile salamu. Nilikuwa na miaka minane. Nilikaa nyuma ya mswala na kashata mkononi, nikajua kuwa nyanya anataja wafu, na kwamba mimi ni mmoja wao.

Hofu ya mtoto ina akili zake. Sikulia. Nilianza kuchunguza. Nilimsalimia muuza kahawa wa pembeni mwa njia, naye akapita akigonga vikombe vyake bila kuitikia. Nikasema moyoni, unaona? Mwalimu wa skuli aliita majina asubuhi akaniruka, nikasema, unaona? Nilikataa kupimwa viatu vya Idi, maana niliona ni kumharibia nyanya fedha bure. Mwisho nikachoka. Siku moja nyanya alikuwa uani anachagua mchele kwenye uteo, nikamwendea.

"Nyanya, mimi nalikufa lini?"

Alinitazama. "Wasemaje?"

"Nalikufa lini? Na mbona hamkunizika?"

Alicheka mpaka uteo ukapinduka na kuku wakaja mbio. "Ewe mwana weye! Nani amekwambia umekufa?"

"Weye. Kila Alhamisi wanitaja."

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Aliwafukuza kuku, akanivuta karibu, akaniketisha juu ya mbuzi ya nazi kama juu ya kiti.

"Yule si weye," alisema. "Yule ndiye mwenye jina. Weye umepewa tu, lipate kuitwa tena humu nyumbani. Yule ni mama aliyemzaa mamangu. Nimelala kifuani mwake mimi."

Akanieleza. Kulikuwa na njaa, zamani sana, kabla ya daraja na kabla ya feri. Upande wa bara ya kusini watu walikuwa wakila mizizi. Mtu mmoja alimvusha mtoto wa kike maji ya Likoni, akaja naye mpaka Mji wa Kale, akamwacha katika nyumba moja ya ghorofa, akapewa pishi za mahindi. Wakaagana kuwa mvua ikinyesha atarudi kumchukua. Wenye nyumba wakampa mtoto jina jipya, Mwanakheri, kwa kuwa lile la kwao liliwashinda ulimi. Mvua ikanyesha. Mtu yule hakurudi.

"Kwa nini?"

"Labda alikufa. Labda alirudi akaambiwa hayuko. Sijui, mwanangu. Yeye mwenyewe hakujua. Alikumbuka jambo moja tu: aliyembeba begani alikuwa akichechemea. Alituambia, dunia ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka."

Mwanakheri akakulia katika nyumba ile, akaolewa na kijana wa nyumba hiyo hiyo, Athmani, akazaa wasichana wawili. Fatuma ndiye mamake nyanya. Maryamu ndiye mamake Bi Salma, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akikaa katika ile nyumba ya ghorofa. Nyanya na Bi Salma, basi, ni mtu na binamu yake, wa tumbo la bibi mmoja. Lakini mmoja alikuwa Majengo anachagua mchele na mwingine alikuwa Mji wa Kale na funguo kiunoni.

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, Bi Salma alifanya hitima ya wazee wa nyumba. Wanaume walisoma chini, wanawake juu, na kabla ya dua majina ya maiti yalisomwa kwa sauti. Babu Athmani alisomwa kwa majina saba ya nasaba yake, moja juu ya jingine. Wake zake wengine wawili walisomwa. Wanawe walisomwa. Mwanakheri hakusomwa. Ndiyo maana nyanya alikuwa akimsomea peke yake, Alhamisi kwa Alhamisi, juu ya jamvi.

"Hii ndiyo hamu yangu iliyobaki," aliniambia akiokota punje za mchele mchangani. "Asomewe mara moja katika nyumba yake, watu wakisikia. Kisha hata mimi nikienda nitakuwa na la kumwambia."

Mwaka ule alikwenda kuliomba. Nilifuatana naye. Ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba na zimesimama wima, na badala ya ukingo palikuwa na kamba ya kushikia iliyong'aa kwa mikono ya watu. Bi Salma alitukaribisha kwa heshima zote, sabalkheri na habari za nyumbani na za mmoja mmoja, mahamri na chai ya iliki. Mimi na mjukuu wake Rukia tuliwekwa kwenye pembe ya mkeka. Nilijifanya nakula.

"Salma," nyanya alisema, "mwaka huu nataka bibi asomwe."

"Bibi yupi?"

"Wamjua."

Bi Salma alivipanga vikombe upya, ingawa vilikuwa vimepangika. "Zainabu, Mwalimu akisoma jina lisilo na baba, watu watauliza. Huyu nani? Binti nani? Na mwaka huu nina wageni."

Wageni wenyewe walikuwa jamaa za kijana aliyemposa dadake Rukia, watu wenye kuulizana nasaba kabla ya kuulizana hali. Nyanya alilijua hilo.

"Au basi tuseme binti Abdalla," Bi Salma akasema. "Yaishe."

"Hakuwa binti Abdalla. Nikimbandika baba wa uongo mbele ya Mungu, nitamwambia nini siku nikimkuta?"

"Basi niletee jina la babake wa kweli. Ukiniletea, nitaliandika kwa mkono wangu huu."

Watu wazima wote chumbani walijua maana ya maneno yale. Maana yake ilikuwa hapana. Mimi nilisikia agizo.

Nilipindua daftari langu la hesabu, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Kwa wiki tatu nilikuwa mgeni wa kila bibi kizee niliyemjua, kuanzia Majengo mpaka Kibokoni. Nilisalimia, nikabusu mkono, nikauliza: babake Mwanakheri ni nani? Sikulipata jina hilo kwa hata mmoja, lakini nilipewa mengine mengi. Niligundua kuwa katika ukoo wetu kuna akina Fatuma watano, kwa sababu kila Fatuma akifa hutafutwa mtoto wa kubeba jina. Niliwatenganisha kwa alama nilizoambiwa: Fatuma wa jino la dhahabu, Fatuma aliyeogopa paka, Fatuma aliyezaa pacha. Bibi mmoja kipofu aliniambia kuwa Mwanakheri alikuwa mfupi, mcheshi, na kwamba hakupata kupanda kitu chochote kinachotikisika, hata pembea ya Idi. Nilikwenda nyumbani nimekumbatia daftari kana kwamba nimeokota lulu. Nilikuwa nimepata kitu ambacho hata nyanya hakukijua. Tangu siku hiyo sijaacha kuwauliza watu bibi zao ni nani.

Jina la baba lilikuwa bado. Nikafikiri kama mtoto: ikiwa aliachwa na mtu wa Likoni, basi mtu wa kuulizwa yuko Likoni. Asubuhi moja nilivaa sare ya skuli, nikatembea kwa miguu mpaka Feri, nikaingia ndani ya msongamano wa watu na mikokoteni, na sakafu ya chuma ikaanza kutetemeka chini ya kandambili zangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka maji peke yangu. Niliona gati yetu ikirudi nyuma, nikahisi jambo ambalo nimelihisi kila nilipohama mji tangu hapo, na sijui kulipa jina. Si hofu.

Ng'ambo nilimwendea mwanamke aliyekuwa akikaanga kachiri za muhogo karibu na njia ya kutokea. Nilimsalimia vizuri.

"Mama, namtafuta mzee anayechechemea."

"Wachechemeaji ni wengi, mwanangu. Wamtakiani?"

"Alimwacha mtoto ng'ambo akasema atarudi."

Karibu yake walikuwepo wachukuzi wanne wamekalia mikungu ya ndizi. Mmoja wao alisikia, akaruka. "Bakari! Ee Bakari! Ndoo hapa, mwanao amekuja!"

Bakari alitoka nyuma ya lori akichechemea, mtu wa makamo mwenye gunia kichwani. Nilimtazama mguu, nikaona bega lake likipanda na kushuka, ikawa hakuna shaka yoyote.

"Ni wewe uliyemwacha Mwanakheri?" nikamuuliza.

"Mwanakheri ndiye nani?"

"Ni mimi. La, si mimi. Ni mwenye jina."

Wachukuzi waliangua kicheko. "Bakari weye! Kumbe ulikuwa ukivuka kila Ijumaa kwenda kuzaa!"

"Mtazameni pua! Si pua ya Bakari hiyo?"

"Mchukue mwanao bwana, amevaa na sare kabisa!"

Maskini Bakari alitua gunia, akaapa kwa kila kiapo akijuacho kuwa ana watoto sita na wote wako Mtongwe na wote anawajua. Alikuwa karibu kulia, na mimi vilevile. Nikamwambia ilikuwa wakati wa njaa, akapewa mahindi, mvua ikinyesha arudi, na mvua imenyesha mara nyingi mno. Kicheko kikakatika. Yule mama wa kachiri aliinua karai lake kwenye moto, akafuta mikono.

"Wacha nikuulize," alisema. "Huyo mtoto aliachwa lini?"

"Kabla ya feri."

"Basi huyu Bakari hakuwa amezaliwa, wala babake." Alinikalisha karibu naye, akanipa kachiri kwenye kipande cha gazeti. "Watoto wa njaa walivuka wengi. Kwetu pia wapo waliotajwa kuwa walikwenda Mvita wasirudi. Lakini hapa utamuuliza baba mpaka uzeeke. Sisi wa huku zamani tulikuwa tukihesabu mtu kwa mama. Mamake nani, mama wa mamake nani. Huyo bibi yako, kama ni wetu, hata yeye angeulizwa asingeanza na baba. Alizaa?"

"Wasichana wawili."

"Nao walizaa?"

Nikafungua daftari nikamwonyesha. Hakujua kusoma, lakini alipitisha kidole chenye mafuta juu ya mistari yangu yote, kutoka juu mpaka chini, akaacha njia inayong'aa.

"Ala!" alisema. "Na wote hawa ni wake? Sasa wewe wamtafutia nini baba, mtu ana watu kama hawa?"

Bakari ndiye aliyenirudisha. Alivuka nami, akatembea nami kwa mguu wake ule mpaka mlango wa skuli, akanikabidhi. Nilichapwa mbele ya darasa. Nadhani skuli niliiacha siku hiyo, ingawa mwili wangu uliendelea kwenda miaka mingine minne. Jioni nyanya alipewa habari. Hakunichapa tena. Aliuliza tu, "Na huyo Bakari, bega lake lilikuwa likipanda na kushuka?" Nikasema ndiyo. Akageuza uso.

Siku ya hitima nyumba ya Bi Salma ilijaa tangu asubuhi. Chini walisikika wanaume wakisoma juzuu zao wote kwa pamoja. Juu wanawake walikaa magoti kwa magoti, na mgeni mkubwa, mamake yule kijana mposaji, amepewa mto wa mahameli. Wanawake waliandika majina ya maiti wao kwenye vikaratasi, na kwa kuwa mimi nilikuwa bado mdogo wa kuweza kushuka kwa wanaume, nilipewa kazi ya kuvipeleka. Nyanya alikuwa ameandika chake nyumbani, kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa utotoni. Neno moja. Nilimwona akikitia katika sahani pamoja na vingine.

Bi Salma alikusanya sahani. Alipitia vikaratasi kimoja kimoja, kama kwamba anavinyoosha, na nilipoipokea sahani nilijua. Kile cha nyanya hakikuwemo. Kilikuwa kimeingia kifuani, ndani ya gauni la Bi Salma. Nyanya naye aliona. Alitazama mikono yake tu.

Nilishuka nimeishika kamba. Mwalimu Badi, aliyekuwa akiyasoma majina nyumba ile tangu ujana wake, alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma yote. Babu Athmani akapata majina yake saba. Nilisimama mlangoni, na kila jina lililopita lilikuwa likipunguza nafasi. Akafika mwisho. Kisha akauliza kama alivyouliza kila mwaka, neno la desturi ambalo halijibiwi na mtu.

"Kuna aliyesahauliwa?"

"Yuko," nikasema.

Vichwa vyote viligeuka. Mtoto wa Bi Salma, mjomba Athmani, aliyekuwa ameketi na wageni, alinikazia macho.

"Ni nani, mwanangu?" Mwalimu akauliza.

"Ni Mwanakheri."

"Binti nani?"

Nilikuwa nimelijua swali hilo wiki tatu nzima.

"Mamake Fatuma na Maryamu. Fatuma ni mamake Zainabu, nyanya yangu. Na Maryamu ni mamake Bi Salma." Nikanyoosha kidole, jambo ambalo nilikuwa nimekatazwa maisha yangu yote. "Na Bi Salma ndiye mamake huyu mjomba Athmani. Babake hatumjui. Alikuja kwa njaa."

Ubani ulikuwa ukipanda moja kwa moja, hakuna aliyeutikisa hata kwa pumzi. Juu nako wanawake walisikia. Nyumba zile mbao za dari hazizuii neno. Mwalimu Badi alivua miwani.

"Alikuwa akinipa hamri la moto," alisema polepole, "nilipokuwa nikipita hapa kwenda chuo cha Kurani, mdogo kama huyu. Mimi husoma linaloletwa. Miaka yote hii nimengoja liletwe." Akafungua viganja. "Na Mwanakheri, mama wa nyumba hii, na wote waliotoka kwake."

Mjomba Athmani aliinamisha kichwa. Kisha akasema "Amin," kwa sauti kubwa kuliko wote, nao wageni wake wakafuata.

Nilipanda ngazi nikijua nitapigwa. Bi Salma alikuwa amesimama juu kabisa, ameziba mlango. Alitia mkono kifuani, akatoa kile kikaratasi kilicholowa jasho, akanipa.

"Mpelekee Mwalimu akiweke na vingine," alisema. "Asije akasahau mwakani."

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Nikageuka nishuke, nikasikia sauti nyuma yake. "Wee mwana! Ngoja." Alikuwa mgeni mkubwa, kutoka kwenye mto wake wa mahameli. "Unajua kuandika? Niandikie Mwanaulu. Ni mamake bibi yangu. Babake hata sisi hatumjui." Mwanamke wa pembeni yake akasema, "Na mimi niandikie wangu." Mwingine akasema yeye ana wawili. Rukia alikimbia kuleta kalamu. Nilipanda na kushuka ngazi zile mara tano mchana ule, na kila mara Mwalimu Badi alinyoosha mkono bila kuuliza binti nani. Nilichelewesha pilau ya watu wote.

Kurudi nyumbani tulitembea, mimi na nyanya. Siku zote yeye alikuwa mtu wa kupita kandokando ya ukuta, kanga imevutwa usoni. Siku ile alipita katikati ya njia, mkono wangu mkononi mwake, na mikokoteni ikamzunguka.

Nyanya amekwisha kwenda zamani. Yeye ni wa kumi na sita. Mtoto wa Rukia, ambaye posa ya mama yake mkubwa haikuvunjika na ilizaa watu wengi, amechora ukoo wetu wote kwenye simu. Mwezi uliopita alinitumia, kwa kuwa wanajua mimi ndiye mwenye majina. Niliona matawi yametambaa mpaka Muskati na Ulaya, mamia ya watu wenye picha, na wote wanateremka kutoka kisanduku kimoja juu kabisa: Mwanakheri. Chini ya jina lake kijana aliandika, hajulikani, kwa sababu mtambo ulidai jina la baba na hakuwa nalo.

Nikampigia. "Futa neno hilo, mwanangu."

"Lakini khale, babake kweli hajulikani."

"Basi liandike kwa baba. Mwanakheri anajulikana. Alikuwa mfupi, mcheshi, hapandi pembea, na mahamri yake yalikuwa ya moto."

Nilimsikia akibonyeza herufi. Aliandika vyote.

Bado namuulizia yule mchechemeaji popote ninapofikia, Kwale, Lungalunga, mpaka Tanga. Sijampata, na begi langu liko tayari ikiwa nitasikia habari zake kwingine. Na Alhamisi ile Eldoret, mvua ikigonga mabati, nilimaliza majina yote kumi na sita kwa mpango wake. Kisha nikavuta pumzi nikasema, na Mwanakheri, kwa sauti ya juu, mpaka jirani yangu ng'ambo ya ukuta akaitikia, "Amin."